Zabuni ya Majani

Tulikuwa saba ndani ya chumba kimoja,
barabara ya kumi na tatu, Ngamiani,
na simu moja yenye bando.
Mwantumu akasoma, kidole juu ya kioo kilichopasuka:
kufyeka majani kandokando ya njia ya kurukia ndege,
kusafisha ukumbi wa abiria, vyoo vinne,
miezi kumi na miwili.
Halafu, kwa maandishi madogo:
imetengwa kwa vikundi maalumu.

"Maalumu ndio sisi?" akauliza Bi Chausiku,
aliyeufagia uwanja ule miaka tisa
chini ya kampuni ya mtu asiyejua
ufagio unashikwa upande gani.
Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tunahesabu.

Mfumo ulitaka cheti cha usajili. Tunacho.
Ulitaka namba ya mlipakodi. Tunayo,
imeandikwa nyuma ya kalenda.
Ulitaka ushahidi wa uzoefu.
Bi Chausiku akaweka mikono mezani,
vidole vimechubuliwa na dawa ya choo,
lakini mfumo haupokei mikono.
Unapokea faili,
tena lisizidi megabaiti mbili.

Siku ya tatu akaja Bwana Semkiwa,
mwenye kampuni ile ile,
kiatu kinang'aa, kreti zima la soda begani kwa kijana wake.
Dada zangu, akasema, nipeni jina tu.
Mashine ninazo, vibarua ninao, benki wananijua.
Ninyi tieni sahihi, na kila mwezi
laki mbili zitawafuata hapo hapo mlipokaa.
Tukanywa soda. Soda haina kosa.
Laki mbili kwa saba nikazigawa kichwani,
maana mweka hazina ni mimi:
elfu ishirini na nane na mia tano,
na chenji ya kugombania.

Nikwambie kweli, nusura tukubali.
Mtoto wa Nasra alikuwa amerudishwa shule wiki ile.
Aliyekataa si Mwantumu, msomi wetu, wala si mimi.
Ni Bi Chausiku, akirudisha chupa kwenye kreti:
"Miaka tisa nimefanya kazi kwa jina lako.
Leo unataka kufanya kazi kwa jina langu.
Kumbe jina langu lina bei.
Basi nitaliuza mwenyewe,
rejareja."

Tulishinda. Usinipigie vigelegele bado.
Mashine mbili za kufyekea tulizipata
kwa kuweka rehani cherehani ya Nasra
na friji langu la barafu.
Mji huu una mtaa uitwao Majani Mapana,
na waliouita hawakutania:
mvua inyeshe Jumatatu,
Alhamisi yako magotini,
hayajui mwaka wa fedha unaanza lini.
Tunafyeka, tunapeleka ankara.
Tunafyeka, ankara iko mezani kwa mtu aliye safarini.
Tunafyeka.
Mezani.
Siku ya tisini mwenye duka la petroli
akaanza kunisalimia kwa majina yangu matatu.

Zimelipwa mbili. Ya tatu wanasema imeonekana.

Ndege ya saa nne ikitua tunachuchumaa,
vumbi linatupita, ovaroli zinajaa upepo.
Kati yetu hakuna aliyewahi kuipanda.
Abiria hushuka, huvuta mabegi
juu ya sakafu ambayo hawaioni,
na sakafu safi ndivyo ilivyo,
haiombi salamu.

Ila asubuhi, pale getini,
mlinzi humwambia Bi Chausiku, "Pita mama, nakujua."
Hapiti.
Anashika kitambulisho, anakisogeza karibu na uso wa kijana,
palipoandikwa mwajiri,
pale ambapo miaka tisa palikuwa na jina la Semkiwa
na sasa pana majina yetu saba, yamebanana, wino umefifia.
"Najua unanijua," anasema.
"Soma."